Kamusi ya Kislavi mame niliyolipia mwaka mzima, nimeipima kwa neno moja: mbegu

Najua kuna watu watauliza nani huyo ana hela ya kulipia kamusi ya lugha ambayo haina msemaji hata mmoja duniani, haina gazeti, haina redio, hata barua moja ya zamani haina. Ni mimi. Na nisiwafiche, sikuingia kwa mapenzi ya elimu, niliingia kwa hasira, maana nimejifunza Kirusi miaka kadhaa na kuna neno moja la shambani lilikuwa linanichokoza kila nikikutana nalo, neno lenyewe ni mbegu. Kwa Kirusi mbegu ni semya, mkazo uko mwanzoni, sawa, halafu ukitaka kusema "ya mbegu" unaambiwa semeni, wingi semena, na ukisema "mbegu nyingi" inageuka semyan. Sasa hiyo N imetoka wapi? Kwenye semya hakuna N. Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa anajibu kwa mkato tu, maneno ya namna hiyo yako kumi Kirusi kizima, kariri usonge mbele. Nikakariri kweli, jina, wakati, bendera, mwali wa moto, kiwele cha ng'ombe na wenzake wote, lakini swali likabaki limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Basi siku moja nikaona tangazo la kamusi ya mtandaoni ya Kislavi mame. Mame ndivyo wanaisimu wanavyoita lugha mzazi ambayo haikuandikwa, inaundwa upya kwa kulinganisha watoto wake, na watoto wa Kislavi mame ni Kirusi, Kipolandi, Kicheki na wenzao, kama tunavyosikia habari za Bantu mame. Jina la kampuni naliacha kwa sababu nitasema mabaya yao huko chini na sitaki ugomvi na mtu. Inakuja kama apu ya simu na kwenye kompyuta unaifungua pia, unalipia mwezi au mwaka, mimi kwa pupa nikalipia mwaka. Kila neno lina ukurasa wake na ukurasa una sehemu nne, maana, jedwali la maumbo, watoto wa neno kwenye lugha za leo, na asili. Nikasema sihangaiki na maneno elfu, napima kwa neno moja linalonisumbua, likipita hilo ntaiamini kamusi nzima.

Kero ya kwanza ikanipata kabla hata sijafika. Ukiandika semę, ndiyo mbegu yenyewe kwa Kislavi mame, bila kile kikofia juu ya e haikuletei kitu, inataka uandike *sěmę kamili, ě yenye kofia na ę yenye mkia, na nani ana herufi hizo kwenye kibodi ya simu jamani? Nikahangaika dakika kumi, mwisho nikaenda kuikopi mahali pengine nikaja kuibandika. Ikafunguka, halafu nusu ya ukurasa ni vijisanduku vitupu, fonti haipo. Kwenye kompyuta ilikaa sawa, kwenye simu mpaka nilipoapudeti apu mara mbili. Mtu anauza kamusi ya lugha yenye herufi za ajabu halafu herufi zenyewe hazionekani, ni kama kuuza miwani isiyo na vioo.

Hicho kinyota mbele ya neno nacho kiliwahi kunichanganya, nikadhani ni daraja la ubora, kumbe kinamaanisha neno hili hakuna aliyewahi kuliona limeandikwa, limekisiwa kwa hesabu. Mwanaisimu Mjerumani August Schleicher wa karne ya 19 ndiye anayetajwa kwa kukieneza, na huyo mzee alijiamini balaa, mwaka 1868 akatunga kihadithi kizima kwa lugha ya kale ya Kihindi-Ulaya, babu wa lugha nyingi za Ulaya na India, aliyoiunda upya yeye mwenyewe. Kwa Waslavi maandishi yanaanza karne ya 9 tu, na safari ya wamisionari Cyril na Methodius kwenda Moravia, nchi ya Waslavi Ulaya ya kati, mwaka 863, na huko ndiko tunakoikuta mbegu imeandikwa kweli kweli kwenye Kislavi cha Kanisa, sěmę, ya mbegu sěmene. Kwa hiyo kwa neno hili kinyota hakitishi sana, tuna karatasi inayokaribia kabisa.

Sasa jedwali. Hapa naomba niwape maua yao maana ndipo pesa yangu ilipolipwa. Waliosoma Kirusi wanazijua padeji, yale maumbo ya jina yanayobadilika kufuatana na kazi ya neno kwenye sentensi, sisi kwa Kiswahili tunabadilisha kichwa cha neno, mti miti, mkia wetu pekee wa namna hiyo ni ule wa shamba kuwa shambani, wao kila kitu kiko mkiani. Kislavi mame kilikuwa na padeji saba ukihesabu ya kuitia, na idadi tatu, umoja, wingi na uwili, yaani kulikuwa na umbo maalum la mbegu mbili tu, si moja si tatu. Saba mara tatu ni vyumba 21. Ukiviangalia vyote unaogopa, lakini jedwali la hawa watu limepaka rangi moja kila umbo linalojirudia, nikahesabu nikakuta maumbo tofauti ni 12 tu. *Sěmę yenyewe inashika vyumba vitatu, mtenda, mtendwa na kuitia, maana neno ni la jinsia ya kati na jinsia ya kati huko haitofautishi anayefanya na anayefanyiwa. Umiliki *sěmene, na hiyo hiyo inatumika kwa mahali. Kupewa *sěmeni. Kutumia kitu kama chombo *sěmenьmь (hizo ь na ъ ni vijirabu vifupi sana). Uwili *sěmeně, *sěmenu, *sěmenьma, basi, vyumba saba kwa maumbo matatu. Wingi ndio mrefu, *sěmena, *sěmenъ, *sěmenьmъ, *sěmenьxъ, *sěmeny.

Umeona? Ile N iko kila mahali isipokuwa kwenye umbo la kwanza. Mimi miaka yote nilikuwa nauliza N imetoka wapi, kumbe swali lilikuwa kichwa chini miguu juu, N ilikuwepo tangu zamani, cha kuuliza ni imeenda wapi kwenye semya.

Na jibu liko kwenye kidokezo kidogo chini ya jedwali, maandishi madogo hata hayajakolezwa, mtu mwenye haraka anapita. Wanaeleza kwamba Kislavi mame katika hatua zake za mwisho kilikataa silabi inayoishia na konsonanti. Kila silabi lazima iishie kwa irabu. Niliposoma hapo nikacheka peke yangu, kwa sababu hiyo tabia naijua tangu utotoni, Kiswahili nacho hakipendi neno liishie kavu, ukikiletea neno la kigeni kinalitia irabu mwishoni, benki, shati, kabati, baiskeli. Sisi tunaongeza irabu, Waslavi wao walifanya kinyume, walikata konsonanti au wakaimeza ndani ya irabu. Sasa chukua shina sě-men. Ikisimama peke yake N inafunga silabi ya mwisho, hairuhusiwi, basi ikamezwa na e ikawa e ya puani, ndiyo hiyo ę yenye mkia. Lakini ukiongeza mkia mwingine, sě-me-ne, N inakuwa mwanzo wa silabi inayofuata, haimsumbui mtu, inabaki salama. Neno ni lile lile, N ni ile ile. Baadaye Warusi wakaipoteza ile sauti ya puani, ę ikawa ya, tukapata semya na semeni, na mimi nikapewa kukariri. Kwa kidokezo hicho kimoja ningelipa hata mara mbili. Na maneno kumi yote yakafunguka kwa ufunguo huo huo, imya imeni, vremya vremeni, hata vymya ya kiwele. Ile semyan ndiyo pekee iliyobaki na ubishi wake, wenzake wengi wanasema imyon, vremyon, yenyewe na ile ya kikuku cha kupandia farasi zikaamua kivyao, na jedwali la Kislavi mame halina dalili yoyote ya hiyo "ya" hapo, *sěmenъ tu, kwa hiyo hayo ni mambo ya Warusi wenyewe baadaye.

Sehemu ya watoto wa neno ni nzuri ila imejaa. Nilichokipenda ni kuona kila lugha ilivyoamua kumaliza ule ugomvi wa shina mbili. Wacheki walichoka, wakachukua shina lenye N wakalitengenezea umbo jipya la kwanza, semeno, yamekwisha, ile ya zamani símě imebaki kwenye lugha ya kifasihi. Wabulgaria wametupa padeji karibu zote, ungetegemea N ife nayo, wapi, mbegu moja seme, nyingi semena. Waserbia wanasema seme na Wakroatia sjeme, hiyo ni tofauti ya e yenye kofia tu, ilipasuka kila eneo kivyake. Waslovenia ndio kiboko, mpaka leo wana uwili, mbegu mbili kwao ni semeni na tatu ni semena. Wapolandi wana siemię lakini siku hizi ukisema hivyo mtu anafikiria mbegu za kitani, mbegu ya kawaida ni nasienie, na ajabu ni kwamba jirani zao Walithuania wana sėmenys na yenyewe pia ni mbegu za kitani. Apu imeweka ramani pia, ramani inachukua data nyingi na haina faida, izimeni.

Tukienda kwenye asili, hapo ndipo mabega yanashuka. Mwanzo wanaanza vizuri. Mzizi ni wa Kihindi-Ulaya, *seh₁-, kupanda kwa kumwaga mbegu, ukaongezewa kiambishi -mn̥ kinachogeuza tendo kuwa kitu, ikawa kama kusema "kimwagwacho". Kiambishi hicho hicho ndicho kilichotoa *bermę, mzigo, kutoka kwenye kubeba. Hiyo h yenye namba ni sauti ya kale iliyopotea ikaacha irabu ndefu nyuma yake, habari iliyoanzia kwa mwanaisimu wa Uswisi Ferdinand de Saussure mwaka 1879 akiwa kijana wa miaka ya ishirini, watu wakamwona anaota, mpaka 1927 mwanaisimu wa Poland Jerzy Kuryłowicz alipoonyesha kwamba Kihiti, lugha ya kale ya huko Uturuki ya leo, kina mabaki ya sauti za namna hiyo. Irabu ndefu ikawa ē, kwa Waslavi ikawa ě, na ndugu zake wamepangwa hapo, Kilatini semen, ya mbegu seminis (ile i-n ni ile ile e-n yetu ya sěmene), Kijerumani Samen, Kiprusia cha kale, ndugu wa Kilithuania aliyekwisha kufa, semen.

Na hapa wamekosa kitu kitamu kuliko vyote ambacho msomaji wa Kiswahili angekipenda, nakisema mimi bure. Kilatini seminarium kilikuwa kitalu, pale mbegu zinapooteshwa kabla ya kupelekwa shambani. Ndiko zilikotoka seminari ya mapadri na semina ile ya siku tatu yenye mabango na chai ya saa nne. Kwa hiyo ukikaa kwenye semina umekaa kwenye kitalu, na neno unalolitamka ni binamu wa *sěmę kabisa.

Lakini mambo magumu wanayaruka. Kwa mfano hiyo -mn̥ ya mwishoni, kwa kanuni za kawaida za Kislavi ungetegemea itoe ь, kairabu kafupi tu, na wapo wanaosema ndiyo maana ę lazima imetoka kwenye umbo lenye e, -men au -mēn. Huo ni ubishi halali, mstari mmoja ungetosha. Wao wameandika mshale kutoka -mn̥ kwenda -mę kama vile ni barabara ya lami. Mkazo wa neno nao hawaugusi kabisa, wakati Kirusi chenyewe kinaupeleka mwisho kwenye wingi, sémya lakini semená, na mwanafunzi lazima atauliza.

Halafu sasa lile kosa lililonifanya nikae niandike haya yote. Chini kabisa ya asili kuna kisanduku cha "maneno ya ukoo" na ndani yake wameweka familia. Kwa Kirusi familia nayo ukiiandika kwa herufi zetu ni semya, mkazo tu uko mwishoni, kwa Kiukraini ndiyo kabisa maandishi ni mamoja, simya ya mbegu na simya ya familia, mkazo ndio unaozitenga. Na wamepamba, eti familia ni mbegu ya jamii. Inapendeza kwenye kadi ya harusi ila si kweli. Familia ni *sěmьja, mzizi mwingine kabisa, ule uliotoa neno la Kigothi, ndugu wa kale wa Kijerumani, haims, kijiji, na Kijerumani Heim, nyumbani. Kinachodanganya ni kwamba Kislavi kilichanganya njia mbili zikawa moja, s yake inaweza kutoka kwenye s ya zamani au kwenye ḱ, k laini ya Kihindi-Ulaya, na ě yake inaweza kutoka kwenye ē au kwenye oi. Ukiwa ndani ya Kislavi peke yake huwezi kujua. Ukitoka nje hatua moja tu unajua, muulize Mlithuania, mbegu sėmenys, familia šeima. Sauti mbili tofauti mwanzoni, irabu mbili tofauti. Na Kilithuania wamekiweka wenyewe kwenye ukurasa huo huo, juu yake kidogo! Yaani ushahidi wanao mkononi hawausomi.

Kufanana kwa sauti ni mtego, na Mswahili anaujua vizuri. Sisi tunasia mbegu kitaluni, si ndiyo? Sasa Mpolandi naye akipanda mbegu anasema siać, inaandikwa s-i-a mwanzoni, maana ile ile, shamba lile lile. Kwa akili ya kile kisanduku cha ukoo ningesema kusia kumetoka Poland. Ni bahati nasibu tu, hamna undugu, na namna ya kujua hamna undugu ni ile ile ya kurudi kwenye maumbo ya zamani na kuuliza kila sauti ilitoka wapi. Polish siać ni *sějati, nyuma yake kuna ě na ile h iliyopotea, sia yetu haina habari na hayo.

Nikawaandikia. Niliandika kwa adabu, nikaweka mfano wa Kilithuania, nikasubiri. Baada ya wiki mbili likaja jibu la kushukuru kwa "mchango wangu wa thamani" na wiki sita baadaye kisanduku kiko pale pale, familia ni mbegu ya jamii. Nilichogundua ni kwamba jedwali linaonekana limetengenezwa na mtu anayejua kazi yake na asili imetengenezwa na mtu mwingine mwenye haraka, ni kama chakula ambacho pilau imepikwa na bibi na kachumbari imekatwa na mgeni.

Ili nisiwaonee nilijaribu neno la pili, jembe la kukokotwa na ng'ombe. Hapo wamefanya vizuri, wana kurasa mbili zilizotenganishwa sawasawa, *ordlo ambalo ni la kurithi, ndugu wa Kilatini aratrum na Kigiriki arotron, na *plugъ ambalo Waslavi walilichukua kwa Wajerumani wa kale. Jedwali safi, kidokezo safi. Asili ya *ordlo mistari miwili tu, lakini heri mistari miwili ya kweli.

Kwa nani inafaa? Kama unasoma Kirusi, Kiserbia, Kipolandi chochote kile na umechoka kuambiwa kariri, lipia mwezi mmoja, fungua majedwali ya maneno yote yanayokusumbua, soma vidokezo vya chini vyote, piga picha za skrini (kuchapisha kumezuiwa, usijisumbue), ondoka. Mwaka mzima usilipe. Ukitaka asili ya maneno chukulia kisanduku cha ukoo kama stori za kijiweni, kila unachokikuta humo kipeleke kwanza kwa Mlithuania na Mlatini ndiyo ukiamini. Fungulia kwenye kompyuta, simu bado inasumbua herufi, jana tu ь imegeuka tena kuwa kijisanduku. Neno lenyewe lina nyota moja na inalitosha, kamusi naipa tatu kwa tano, zote tatu ni za yule aliyetengeneza jedwali. Usajili wangu umebakiza miezi saba na usiku huu nimeshafungua *vymę, kiwele, naona N yake imekaa pale pale nilipoitegemea.